Mstari Chini ya Jina la Fetuao

Ilikuwa Jumanne, tarehe 9 Agosti, saa sita na dakika kumi mchana, Fuatino alipousoma ukoo wao wote kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Alikuwa peke yake katika nyumba ya mbele, ile isiyo na kuta, amekaa mkekani na karatasi kubwa mapajani. Mwezi mzima alikuwa akiandika anayosimulia Bibi Sulu, kwa sababu Bibi alikuwa na miaka themanini na minne, na katika kijiji kile cha kisiwa cha Savaii hapakuwa na mwingine aliyeyajua majina yote. Kila jina lilikuwa na kisanduku chake, tarehe pembeni, na mstari wa kushuka kwa watoto.

Akafika kwa watoto wanane wa mzee Taavili, babu yake Bibi.

"Wa sita, Pelenise. Wa saba, Fetuao. Wa nane, Iosua."

Mkeka wa pembeni ukalia, kama unavyolia mtu akiketi.

Fuatino akageuka. Hapakuwa na mtu. Lakini mkeka ulikuwa umebonyea, na pale palipobonyea palikuwa pamelowa. Harufu ya langilangi ikamjia, tamu kupita kiasi, kama ya maua yaliyolala ndani ya maji. Mlangilangi wa karibu ulikuwa kwa mchungaji, nyumba kumi na moja kutoka pale. Alizihesabu mara mbili.

Mdogo wake, Masina, akaingia na sahani ya magimbi, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Dada, yule mgeni wako ni nani?"

"Mgeni yupi?"

"Huyo wa nywele ndefu. Kanipita hapo, kanitazama tumbo, hata salamu hana. Chuoni kwenu adabu hamfundishwi?"

Fuatino aliikunja karatasi na kuiweka juu ya kabati.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa nje ya kanisa ukapigwa, na kijiji kizima kikatulia kwa sala. Bibi Sulu akaanzisha wimbo. Katika ubeti wa pili sauti ya Masina ikakatika. Fundo la nywele zake lilikuwa limefunguka bila mkono wowote kulifungua, nywele zikimwagika mabegani, zimelowa, maji yakidondoka mkekani tone baada ya tone, na ile harufu ya langilangi ikajaa nyumba mpaka Fuatino akahisi anaimeza, na Masina, aliyekuwa hawezi kukaa vizuri kwa uzito wa mimba, akanyoosha mgongo kama msichana wa miaka kumi na sita na kuanza kutabasamu.

Bibi akaacha kuimba. "Fuatino," alisema kwa sauti ya chini. "Umeandika nini?"

"Ulichonipa, Bibi. Nimejaza pengo la saba tu. Kila ukifika hapo unakohoa, nikadhani ni kifua. Jina nimelitoa kwenye daftari la ubatizo."

"Miaka minne ya chuo kikuu," Bibi akasema, "na kikohozi hukijui kusoma."

"Bibi..."

"Mama yangu alikohoa hapo hapo. Wote tulikohoa hapo. Huyo wa saba alikufa mtoni kabla ya kuolewa, kisha akarudi kuchukua vichanga vya dada zake. Viwili. Kimoja kilikuwa kaka yangu. Wazee wakamnyima jina ili asipate pa kukaa. Na wewe umemtandikia mkeka."

Wakamwita jirani yao Bi Leuta, aliyejua kuwatoa wafu waliowaingia watu. Alikuja na mafuta ya nazi na majani mekundu, akampiga nayo Masina mabegani, taratibu.

"Wewe nani? Wa nyumba gani?"

"Wa nyumba hii." Sauti ilitoka kinywani mwa Masina, lakini ilikuwa na maji ndani yake. "Nimeitwa. Mimi ni wa saba."

"Ondoka. Hapa hutakiwi."

"Nimeandikwa kwa wino. Ndugu zangu wote wana watoto chini yao. Mimi nimechorewa mstari na kisanduku kitupu." Mkono wa Masina ukapanda tumboni, ukaanza kukandamiza. "Nani anakaa humo?"

Fuatino akakumbuka kwamba visanduku vyote alivichora kwa rula siku moja, vinane juu na vinane chini, kabla hajajua nani alizaa na nani hakuzaa, kwa sababu tu alitaka karatasi ipendeze, na kwamba kile kimoja hakukifuta kwa kuwa kifutio kingeacha doa.

"Naichana sasa hivi," alinong'ona.

"Chana," Bi Leuta akasema. "Umeshamketisha. Atatafuta chake bila karatasi."

"Asubuhi," ile sauti ikasema. "Nitamchukua huyu wa karibu."

Kisha Masina akaanguka ubavuni, akalala, akikoroma.

Bi Leuta alikusanya majani yake. "Mwanamke asiye na mtoto hupewa wa ndugu yake," alisema. "Ndivyo tunavyofanya siku zote. Bibi yako huyu naye alipewa. Ila mtu hagawi mtoto wa mwenzake."

Alimtazama Fuatino kwa muda mrefu. Bibi Sulu akafumba macho.

Alfajiri, saa kumi na moja na dakika hamsini, Fuatino aliishusha karatasi. Masina alikuwa bado amelala. Tumbo lake lilicheza mara moja chini ya shuka, kisha likatulia, na mkeka wa pembeni yake ukaanza kulia na kulowa.

Fuatino akaweka rula chini ya jina la mama yake, akalikata jina lake mwenyewe kwa mstari mmoja ulionyooka. Halafu, ndani ya kisanduku kilichokuwa kitupu chini ya Fetuao, akaandika: Fuatino. Aliongeza na tarehe ya kuzaliwa.

Mkeka wa Masina ukanyamaza. Wa kwake ukalia.

"Mwanangu," sauti ikaita, karibu kabisa na sikio.

Akafunga kalamu.

"Abee, mama," akaitika.