Picha Isiyokula Umeme

Mita ya umeme ilisoma sifuri, na picha bado ilikuwepo kwenye skrini. Mwenye akili timamu angeinuka akakagua nyaya. Injinia alijipongeza.

Jina la Injinia alijipa mwenyewe; majirani waliliitikia huku wakicheka. Miaka miwili alihangaika na saketi ya amplifaya, kijidude cha kuipa nguvu picha ya kamera ili mgonjwa aonekane kutoka chumba kingine. Kampuni moja ya vifaa vya hospitali ilitaka itumie umeme kidogo, miliampea mbili tu. Ya kwake ilikunywa kumi na moja na kupata moto kama pasi. Kamera ya majaribio aliielekeza kitandani kwa mama yake, aliyelala hoi chumba cha pili, kwa kuwa mama hakuwa na nguvu za kukataa.

Siku moja alishikwa na hasira akapiga meza ngumi. "Yeyote awezaye kuiendesha bure, na aje!"

Tangu hapo mita ikaanza kushuka: tisa, sita, tatu. Nyumba ikanuka nywele zilizoungua. Kwenye skrini akaonekana mwanamke ameketi miguuni pa mama, kaipa kamera mgongo, na chumbani hapakuwa na mtu ila mama. Kila mara mita iliposhuka, mwanamke alisogea kuelekea kichwani. Sasa ilikuwa sifuri, na mkono wake ulikuwa kifuani pa mama.

"Mama amepoa kama maji ya mtungi," dada yake alinong'ona mlangoni. "Mdogo wangu, nakusihi, kizime."

Injinia aliitoa betri. Picha ikabaki. Mpumbavu akatabasamu.

Dada akamleta mganga, bibi mkavu wa maneno. Hakufukiza wala hakuimba. Alimtazama Injinia juu mpaka chini kama anayekagua samaki aliyeoza.

"Jini halifanyi kazi bure. Linamfyonza mama yako. Na linakaa kwa sababu unalificha. Sema mbele ya hao wageni wako wa kampuni wanaokuja kesho kwamba kazi hii si yako, litatoka. Neno moja tu."

"Nitasema, bibi. Mama ni mama."

Ulimi hauna mfupa.

Kesho yake saa nne asubuhi wageni watatu wa kampuni waliinamia skrini, wakaishika betri iliyolala mezani, wakaitazama mita, wakatazamana, na nyuma ya ukuta dada alisikika akisema taratibu, "Mama, pumua, anasema sasa hivi, pumua," huku ile harufu ikizidi na spika ikikoroma kama kuna mtu anakunywa uji wa moto humo ndani, na yule mwanamke kwenye skrini akageuza shingo polepole, bila kugeuza mabega, akangoja naye kusikia.

"Kazi ya nani hii?" aliuliza mkubwa wao.

Injinia alifungua kinywa. Aliliona neno lote, dogo, jepesi.

"Yangu," akasema. "Yangu peke yangu."

Wageni wakapiga makofi. Picha iling'aa mpaka wakafumba macho, na chumba cha pili dada akapiga ukelele mmoja. Kisha mwanga ukaanza kufifia.

"Mbona inazimika?" mkubwa aliuliza.

Injinia alichungulia mlangoni. Dada alikuwa amepiga magoti, amemfunika mama uso.

"Dada," akanong'ona, "jilaze hapo kidogo. Wageni bado wanatazama."