Siku za Nguo Nyeupe

Jumanne, tarehe nne mwezi wa sita. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu mepesi. Jua lilichungulia mara moja, likajificha tena.

Fundi alifungua mlango wa chumba chake cha kushonea. Chumba kiko mbele ya nyumba, kinatazama barabara. Ndani mna cherehani mbili za miguu, meza ndefu ya kukatia, pasi, na sanamu isiyo na kichwa iliyovaa gauni la bibi harusi. Mtaa mzima humwita Fundi. Hata mumewe humwita hivyo.

Kabla ya kukaa alishika kiti, akafumba macho.

"Mungu, bariki kazi ya mikono hii," alisali. "Na moyo huu, wewe mwenyewe unaujua."

Kwa muda mrefu moyo wa Fundi ulikuwa haupigi sawasawa. Ulikimbia, ukasita, ukakimbia tena. Akikanyaga cherehani kidogo tu, pumzi ilimwishia. Alipewa vidonge vya kurudisha mapigo, havikufaulu. Sasa daktari alitaka kujaribu hatua nyingine. Moyo ungeshtuliwa kwa umeme hospitalini, Fundi akiwa amelazwa usingizi mfupi. Siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mezani akikata kitambaa.

"Wifi, mimi bado sijaelewa," alisema. "Mtu si redio, uipige kofi ndiyo iseme."

"Heri redio," Fundi alijibu. "Redio haihemi."

Mumewe alikuwa mlangoni akikung'uta mwavuli. Zamani alikuwa dereva wa lori. Wenzake walimpa jina la Breki, maana hakupenda mwendo wa kasi.

"Alhamisi twende, tumalize," alisema Breki. "Nimechoka kumsikia akihema kama anapanda mlima, kumbe kalala kitandani."

"Makubwa!" wifi alicheka. "Leo Breki ndiye anayekanyaga mafuta!"

Walikuwa bado wanacheka alipoingia jirani wa nyumba ya mbele. Yeye ni muuguzi katika kliniki ya moyo anakotibiwa Fundi. Wao humwita Sista. Alikuja kuchukua sare yake mpya ya kazi.

Fundi alimtandikia ile sare mezani. Ilikuwa nyeupe pepe.

"Ikague, Sista. Hutaona doa hata moja."

"Mikono yako ina baraka, mama."

"Si mikono tu, ni akili pia. Ile dawa ya kuzuia damu kuganda inanitesa. Sindano ikinigusa kidogo, damu haikauki upesi. Basi nimepata njia yangu. Siku ya kushona nguo nyeusi, nameza. Siku ya kushona nguo nyeupe, simezi."

"Na mimi nikamwambia hapo umecheza," wifi aliongeza.

Sista hakucheka. Aliiweka sare chini taratibu, akavuta kiti.

"Mama, daktari alipokuuliza kama umewahi kuacha dawa, ulimjibuje?"

"Nilimwambia sijaacha. Na kweli sijaacha. Napumzika tu."

"Umepumzika mara ngapi tangu hapo?"

Fundi alitazama gauni la bibi harusi, kisha ile sare. Ulikuwa msimu wa harusi. Nguo nyeupe zilikuwa nyingi kuliko nyeusi.

"Niwaeleze," alisema Sista. "Moyo una vyumba viwili juu na viwili chini. Vya juu hutakiwa kubana na kusukuma damu kwenda chini. Vyako, mama, havibani. Vinatetemeka tu. Damu inazubaa humo, na damu ikizubaa huweza kuganda. Bonge dogo likichomoka, linaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Hapo mtu hupata kiharusi. Dawa hiyo ndiyo mlinzi wako. Ukiiacha siku moja, siku hiyo mlango hauna mlinzi."

"Na huo umeme?" aliuliza Breki.

"Moyo ukirudia mapigo yake, vyumba vile huanza kubana tena. Kama kuna bonge limejificha, linaweza kusukumwa nje. Kwa hiyo kabla ya umeme, dawa humezwa kila siku kwa wiki tatu au zaidi, bila kuruka."

Aligusa ukosi wa sare yake. "Nguo yangu haikupata doa, mama. Lakini wewe ungeweza kulipata kichwani."

Fundi aliutazama mkono wake wa kulia. Alimkumbuka mteja wake mmoja, mwalimu aliyepata kiharusi. Huyo alimletea magauni yake yote ayatoe vifungo na kuweka mpira, maana mkono mmoja haufungi vifungo. Fundi mwenye mkono mmoja angeshona nini?

Breki alikohoa. "Sista, sisi ni majirani. Siku hii tumeisubiri sana. Ameshakoma, kuanzia leo atameza. Kuna haja gani ya daktari kujua?"

"Baba, wewe ulikuwa dereva. Ungelishusha lori mteremko mkali, nawe unajua breki zake hazijakaguliwa?"

Breki aliuegemeza mwavuli ukutani.

"Mimi siwezi kunyamaza," alisema Sista kwa upole. "Ila ni vizuri zaidi mama aseme mwenyewe."

"Ni kweli," wifi alisema polepole. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mimi nilimsifia."

Siku hiyo Fundi alimeza dawa yake, lakini hakushona. Alikaa mbele ya lile gauni, sindano ikiwa imechomekwa kwenye mto wake. Alitaka kupona. Alitaka kupona Alhamisi hiyohiyo. Je, akisema, watampangia siku nyingine lini?

"Mungu," alisema kwa sauti ndogo, "nilikuomba afya. Leo nakuomba ulimi wa kweli."

Alhamisi Fundi, Breki na wifi walikwenda hospitali wote watatu. Fundi hakungoja kuulizwa.

"Daktari, nilikudanganya bila kujua kwamba nakudanganya," alianza. Akaeleza habari ya nguo nyeusi na nguo nyeupe.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumfokea.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Leo hatutatumia umeme. Ziko hospitali zenye kipimo cha kuutazama moyo kupitia kooni, kuona kama kuna bonge. Sisi hatuna. Kwa hiyo utameza dawa kila siku kwa wiki tatu kamili, ndipo tuendelee. Na kwa kuwa tumepata muda, tuzungumze upya. Mama, ugonjwa huu umekunyima nini zaidi?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Alifikiri.

"Nataka kukanyaga cherehani hadi upindo uishe, nisisimame katikati kuhema."

"Basi tuanzie hapo. Njia ya kwanza ni kuishi na mapigo haya. Tutatumia dawa za kuyapunguza kasi. Watu wengi huishi hivyo vizuri. Njia ya pili ni umeme. Ni kazi ya muda mfupi, lakini mapigo mabaya yanaweza kurudi, baada ya wiki au baada ya miaka. Njia ya tatu ni mrija mwembamba. Tunaupitisha kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, tunaunguza sehemu ndogo zinazoleta vurugu. Hiyo huwasaidia wengi zaidi kwa muda mrefu, lakini ina hatari zake, na wengine hurudia mara ya pili."

"Ipi ni bora?" aliuliza Breki.

"Inategemea mtu, dalili zake na anachokitaka."

"Na akishapona, ile dawa ya damu ataiacha lini?" aliuliza wifi.

"Hapo ndipo wengi hukosea. Mama ana umri mkubwa na shinikizo la damu. Hata mapigo yakitulia, hatari ya kiharusi bado ipo. Ataendelea kumeza. Asiiache bila kutuuliza. Akitokwa damu isiyokoma, akipata choo cheusi, au akigonga kichwa, aje upesi. Na mkiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, msingoje kupambazuke. Mleteni saa hiyohiyo."

Fundi alikunja mikono yake. "Kitambaa kikishakatwa hakirudi, na moyo ukishaunguzwa ni hivyohivyo," alisema. "Nianze na umeme. Nikiona pumzi imerudi, nitajua kwamba mapigo ndiyo yaliyokuwa yananichosha. Yakiharibika tena, tutazungumza habari ya mrija."

"Huo ni uamuzi wenye sababu," alisema daktari.

Nyumbani walibadili mpango wa kazi. Wifi alichukua kazi zote za sindano ya mkono kwenye nguo nyeupe, shanga na vifungo. Fundi alibaki na cherehani, na kidoleni alivaa kikofia cha chuma. Kopo la dawa likawekwa kando ya mkasi. Kila asubuhi alisali, akameza, ndipo akashika kazi.

"Fungua mdomo nione," wifi alimtania kila mara.

"Wewe ni wifi au ni askari?"

Wiki tatu zilipotimia, kazi ya umeme ilifanyika. Fundi alipozinduka aliuliza, "Mnaanza saa ngapi?" Breki alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwenye kioo cha mashine mapigo yalikwenda sawasawa, kama mshono ulionyooka.

Siku bibi harusi alipokuja kujaribu gauni lake, Sista naye alikuwepo, na Breki alikuwa mlangoni kama kawaida. Fundi alikanyaga cherehani kuuzunguka upindo wote bila kusimama. Kisha alipokuwa akibana kiuno kwa pini, moja ikamchoma. Tone la damu likadondoka juu ya kitambaa.

"Mungu wangu, gauni!" wifi alipiga kelele.

Fundi alikibana kidole kwa kitambaa safi, akangoja, akangoja tena, mpaka damu ikakoma. Kisha akachukua uzi mweupe, akaulowesha kwa mate yake, akausugua pale penye doa. Mafundi wanajua, mate yako hutoa damu yako. Doa likafifia, likatoweka.

Akasimama mbele yao wote, mkono wake wa kulia ukiwa juu.

"Nyie mmeona, na Mungu ameona," alisema kwa sauti. "Doa la nguo nitalitoa. Mkono huu ukifa, hakuna fundi wa kunishonea mwingine. Kwa hiyo naahidi mbele yenu: siku ya nguo nyeusi nitameza, siku ya nguo nyeupe nitameza, na jambo lolote la moyo huu daktari atalisikia kutoka kinywani mwangu mwenyewe."