Usinimalizie Neno

Asubuhi ya watu kuingia kazini, ukumbi wa chini wa jengo la bima ulijaa kelele za viatu na kengele za lifti. Katikati ya pilikapilika hizo alisimama msichana amevaa koti jeusi la shangazi yake, linampwaya mabegani, akimbembeleza dada wa mapokezi. Nyumbani walimwita Chiriku, na sababu ilijulikana na kila mtu aliyewahi kukaa naye kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

"Dada yangu, meneja aliniahidi mwenyewe! Ni mahojiano mafupi tu, ya chuo."

"Meneja amesafiri."

"Jana alikuwa kikaoni, leo amesafiri. Kesho ataumwa tumbo?"

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limekunjwa mikono, tepu ya kupimia shingoni na roli la kitambaa cha rangi ya maziwa begani.

"Na wewe unacheka nini?"

Kijana hakujibu papo hapo. Vidole vyake viligonga paja taratibu, kisha akasema, "Mimi nina duka. Nihoji mimi."

"Duka la nini?"

"Vitambaa vya dirishani."

"Si useme mapazia, kaka! Unazunguka nini?"

Akatabasamu, akampa kadi. Neno lilikuwa pale, limeandikwa kwa herufi kubwa.

Kazi yenyewe ilitoka kwa mwalimu wao wa huduma kwa wateja. Alikuwa amewaambia kwamba vitabu wamesoma vya kutosha, sasa kila mmoja amtafute mfanyabiashara, amrekodi, kisha aje kuwasikilizisha wenzake kama yale ya darasani yapo kweli huko nje. Basi Chiriku akaenda dukani. Vitambaa vilining'inia kutoka darini mpaka sakafuni, cherehani zilinguruma chumba cha nyuma, na dada wa kijana yule, aliyekaa kwenye kaunta ya malipo, alimpima mgeni kuanzia kichwani hadi unyayoni.

"Siri ya kupata wateja ni nini?" Chiriku aliuliza, simu ikirekodi.

"Ni ku... ku... kusi..."

"Kusimamia!"

Kijana akatikisa kichwa. Akavuta pumzi. "Kusikiliza. Na u-usinimalizie neno. Neno ni langu, ni-nitalileta."

Chiriku akanyamaza, jambo ambalo shangazi yake angelipia kiingilio kuliona. Ndipo Bwana Mapazia, kama Chiriku alivyokuja kumwita kijana huyo, akamweleza. Mbele ya wateja aligonga vidole na kuchagua maneno mepesi, hapo ulimi ulimtii. Neno "pazia" lilimshinda kabisa, hata alipolijaribu pale mbele ya simu iliyokuwa bado ikirekodi, ndiyo maana aliuza vitambaa vya dirishani. Kwenye simu ndiyo ilikuwa balaa, watu walidhani ni mtandao, wakamkatia.

"Hayo ya ki-kigugumizi uyakate."

"Nitayakata. Naapa."

Mahojiano yakaisha, maswali hayakuisha. Kila jioni Chiriku alimpigia.

"Haya, sema pazia."

"P... p... Chiriku, una ro-roho mbaya wewe!"

"Nina roho nzuri na muda ninao. Lete."

Alilileta, siku nyingine baada ya kucheka mpaka machozi. Kwa Chiriku aliacha kugonga vidole. Alikwama alivyotaka, kama mtu aliyevua viatu nyumbani kwake, na Chiriku alijua kwamba amepewa kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukipata. Alijua, na hilo ndilo linaloniudhi mimi ninayesimulia.

Siku ya kuwasilisha, koti la shangazi lilipigwa pasi tena. Simu ikaunganishwa na spika za darasa. Ndani yake mlikuwa na rekodi mbili, iliyokatwa na nzima, na kidole cha Chiriku kwa kiherehere chake kikabonyeza nzima.

"P... p... p... pa..." sauti ya Bwana Mapazia ikajaa darasa.

Aliyeanza kucheka ni mwenzao waliyemwita Redio. Wengine wakafuata, wakapiga meza.

"Chiriku!" Redio alipaza sauti. "Huyo ndiye shemeji unayemchekea kila siku kwenye simu?"

Macho yote yakamgeukia. Angeweza kusema ndiyo, tena ni neno fupi. Lakini uso ulimwaka moto, akaona haya kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa na la kumwonea haya.

"Shemeji wapi! Mtu wa mahojiano tu huyo," alisema, akacheka pamoja nao.

Kisha akatazama mlangoni. Mwalimu, bila kuwaambia wanafunzi, alikuwa amewaalika wahojiwa waje kusikiliza. Bwana Mapazia alisimama pale, suti ya kijivu, viatu vipya, tai aliyoifunga kwa uangalifu wote. Vidole vyake vikagonga paja.

"Samahani, mwalimu. Nimekosea chumba."

Hakukwama hata mara moja. Akageuka, akaondoka.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, na kibaya zaidi alipewa alama za juu kuliko wote. Alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena. Shangazi alipouona ukimya ule akamkalisha jikoni.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nimemkana, shangazi. Nikamcheka."

"Faraghani?"

"Darasani. Mbele ya wote."

"Basi usiende kumwomba radhi uchochoroni. Na koti langu liache hapa, nenda kama ulivyo."

Jumamosi duka lilifurika. Bwana Mapazia alimwona akiingia, vidole vikaanza kugonga.

"Karibu, dada. Unahitaji vitambaa vya dirishani?"

Angemtukana ingekuwa afadhali. Alikuwa anamsemesha kwa sauti ya wateja, laini, iliyonyooka. Wanawake waliokuwa wakichagua rangi walisogea kumpisha. Kwenye kaunta, dada mtu alifunga droo ya pesa akakunja mikono.

"Ni..." Chiriku alianza. Mdomo ambao haukujua kupumzika ukagoma. "Nili..."

"Ulinunua hapa?" mteja mmoja akamsaidia.

"Mwache," Bwana Mapazia alisema. "Neno ni lake. Atalileta."

Machozi yakamtoka. "Nilikukana. Niliulizwa kama wewe ni wangu nikasema hapana. Nilicheka kwa sababu wengine walicheka, na aibu ile si yako, ni yangu. Mbele ya hawa wote naomba unisamehe."

Cherehani zilikuwa zimenyamaza. Vidole viligonga, vikagonga.

"Nimesikia. Asante kwa kufika."

Chiriku akatoka. Aibu ikamsindikiza mpaka nyumbani, ikalala naye, ikaamka naye.

Wiki iliyofuata ilikuwa inaisha, yuko kantini ya chuo na Redio na wengine, simu yake ilipoita. Bwana Mapazia, anayechukia simu, ndiye aliyepiga. Chiriku akapokea kwa pupa, akabonyeza spika bila kukusudia. Kimya, na pumzi nzito.

"Kata," Redio akasema. "Mtandao mbovu huo."

"Siyo mtandao. Ni shemeji yako."

Redio akatazama sahani yake.

"Ba-bado nina ha-hasira," sauti ilisema.

"Najua. Kuwa nazo."

"Nimepanga nyu-nyumba. Ma-madirisha yako wazi. Hayana p... p..."

Kila mtu pale alilijua neno. Redio alifungua mdomo alisaidie, Chiriku akamziba kwa kiganja. Chai zikapoa. Mtu akakohoa, akatazamwa kwa jicho kali.

"P... p... pazia," alisema Bwana Mapazia. "Njoo tu-tuchague."

"Nakuja," alisema Chiriku, na kwa mara nyingine katika maisha yake hakuwa na la kuongeza.