Ratiba ya Kanda ya Tatu

Jumamosi hiyo duka la vifaa lilikuwa limefurika, na mkutubi alisimama katikati ya njia amekumbatia maboksi matatu kama mtu aliyeachiwa watoto wa watu.

"Kaka, unapita au umehamia?" aliuliza mwanamke wa ovaroli ya buluu, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa fundi wa mifumo ya joto na ubaridi, na kungoja hakukuwa kazi yake.

"Nachagua themostati, vidude vya kupangia joto la nyumba, dada. Nimeshindwa."

"Nyumba ina kanda ngapi za joto?"

"Tatu. Sebule na chumba changu kidogo ni moja. Chumba cha mama ya pili. Ya tatu ni chumba kikubwa cha ghorofani."

Fundi alimpokonya maboksi. Maktaba ilifunguliwa saa tofauti kila siku, kwa hiyo sebule ilihitaji ya ratiba ya siku saba. Mama alishinda nyumbani. Yeye apate yenye tarakimu kubwa na vitufe viwili tu. "Na ghorofani analala nani?"

"Kwa sasa, hakuna."

"Basi nunua ya kawaida. Chumba kitupu kina ratiba gani?"

"Nataka ya ratiba."

"Haya, bosi."

Wiki iliyofuata fundi alizifunga mwenyewe. Mkutubi, shati limenyooshwa kama anakwenda kuapishwa, alimshikia tochi na kumchekesha.

"Hujawahi kukosea waya?"

"Miaka tisa, hata mmoja. Mulika huku, acha kunimulika mimi."

Tangu hapo simu hazikukauka.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi la dari, mpenzi. Wewe je?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Utakonda."

Kisha baridi ikaingia, na simu zikapungua. "Usije wiki hii, mama hajisikii vizuri," alisema mkutubi mara ya kwanza. Mara ya tatu hakutoa hata sababu. Fundi, ambaye hakuamini hisia pasipo kipimo, alihesabu siku kumi na tisa bila kumwona, akahitimisha kuwa mama mtu hamtaki. Hitimisho lilikuwa na mantiki, na lilimuuma vilevile.

Siku ya ishirini iliingia simu ya namba ngeni.

"Binti, ni mama. Hiki kidude chako nakibonyeza mpaka kidole kimeota sugu, na bado natetemeka. Mwanangu kanikataza kukuambia."

Mama alimpokea akiwa na sweta mbili na koti la marehemu mumewe. Kioo cha themostati ya chumbani kwake kilionyesha joto lililoombwa, nyuzi ishirini na sita, na lililopo, kumi na tano. Fundi alipanda ghorofani, akafungua mlango, hewa ya moto ikampiga usoni. Chumba kitupu kilikuwa kinaokwa.

Alijua kabla ya kufungua sanduku la nyaya. Waya wa kanda ya pili alikuwa ameuunga mahali pa wa kanda ya tatu, na wa tatu mahali pa wa pili. Mama aliongeza joto, chumba kitupu kikalipokea. Siku ile hakujaribu kanda moja baada ya nyingine kama ilivyo kawaida yake. Alikuwa anacheka.

Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho mkutubi alipotokea mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema miaka tisa. Niliogopa ukijua, aibu itakufanya usirudi. Nikamnunulia mama hita."

"Inanguruma kama trekta! Nimeizima!" mama alipaza sauti kutoka chini.

"Sikiliza, mpenzi," alisema fundi. "Kosa langu niletee siku hiyohiyo. Ukinificha unanihurumia, na huruma sikuiomba. Nimekaa siku zote hizi nikidhani nimeachwa."

"Nisamehe. Sitarudia."

Fundi aliweka bisibisi chini. Aliitazama themostati ya ukutani: siku saba, hakuna saa hata moja iliyojazwa.

"Na hii ratiba mbona tupu mpaka leo?"

"Nilikosa saa za kuandika." Mkutubi aliweka kidole kwenye kitufe cha saa. "Unaamka saa ngapi?"

Fundi alilikagua swali hilo taratibu, pande zote, kama anavyokagua kiungo cha bomba. Kisha akachomoa penseli kwenye nywele.

"Saa kumi na moja na nusu. Lakini kwanza muulize mama kama anamtaka mkwe aliyemgandisha."

"Mama anavua sweta," sauti ilijibu kutoka chini. "Na Jumapili mwandikie alale mpaka saa mbili."