Uhai Uthibitishwe Kabla ya Saa Kumi

Nyumba nzima ilikuwa na vifaa vitatu vya intaneti: simu ya nesi, simu ya fundi, na tableti kuukuu ya mama yake nesi. Ruta ikahesabu vinne.

"Hiki cha nne cha nani?" fundi aliuliza.

"Labda cha jirani." Nesi alipiga miayo. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, na miguu ilikuwa imeacha kumsikiliza. "Kaka, maliza tu."

Haraka ilikuwa na sababu. Kila miezi sita ofisi ya wastaafu ilimtaka mama, mwalimu mstaafu, athibitishe kuwa yu hai, kwa sura, mbele ya kamera. Asiyethibitisha kufikia saa kumi jioni alihesabiwa marehemu, na kadi yake ya matibabu ikafungwa. Kwa kadi hiyo mama alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Ofisi iliitambua tableti ile tu, iliyosajiliwa miaka tisa iliyopita. Kubadili kifaa kulimtaka mwenyewe afike kwa miguu yake, na barua ya daktari inayoeleza kuwa hawezi kutembea.

Tableti ilikuwa haishiki mtandao chumba cha nyuma, na mama alikuwa hatoki chumba cha nyuma.

Fundi alikuwa amehangaika tangu adhuhuri. Ruta aliitoa nyuma ya friji akaipandisha juu ya kabati. Akaiwashia masafa ya zamani, yanayokwenda kizee lakini yanapenya kuta. Akachomeka kikuza mawimbi koridoni. Tableti ikagoma bado, kwa kuwa haikuzielewa kufuli za siku hizi. Basi akaondoa neno la siri, dakika tano tu. Hapo ndipo simu ya nesi, iliyosajiliwa kuisimamia ruta, ilipouliza: *Kuna kifaa kinaomba kuingia. Kiruhusiwe?* Hakikuwa na jina. Nesi akabonyeza ndiyo, kama watu wanavyotia saini fomu.

"Si cha jirani, dada," fundi alisema taratibu. "Mawimbi yake yana nguvu kuliko ya simu niliyoishika mkononi. Kimo humu ndani."

Sauti ya mama ikaja kutoka chumbani. "Mwanangu, inatosha. Toa mkono, una baridi."

Nesi alikuwa bado koridoni.

Aliingia. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mama alikaa kitandani, tableti mapajani, mtandao umejaa tele. Kwenye kioo ofisi ilikuwa imeandika: *Kuna nyuso mbili. Mmoja aondoke, tafadhali.*

Nesi akarudi hadi mlangoni. Nyuso zikabaki mbili.

"Nani yuko nyuma yangu?" mama alinong'ona.

"Hakuna mtu, mama."

"Usinidanganye. Nimefundisha miaka thelathini na nne. Najua darasa likiwa na mtu wa ziada."

*Fumba macho, kisha fumbua,* ofisi ikaagiza. Mama akafumba kwa uchovu, na nesi, ambaye sasa alikuwa amesogea mpaka akakiona kioo vizuri, akaona juu ya bega la mama yake uso mwingine wa mama yake, na kitambaa kilekile kichwani, lakini umenenepa, umepona, na macho yake yalifumba na kufumbua mara moja, upesi, kama mwanafunzi aliyesubiri siku nyingi aulizwe swali analolijua.

"Zima!" alimwita fundi.

"Nimezima! Nimechomoa kila kitu!"

Mtandao ulibaki umejaa. Kidole cha nesi kikafika kwenye kitufe cha tableti, kikasita. Saa kumi kasoro dakika mbili. Akizima, mama ni marehemu, na kesho kutwa mashine ya damu haitamjua.

"Mwanangu, unasubiri nini?"

Hakuzima.

*Uhai umethibitishwa. Asante, Mwalimu.* Picha ikatokea chini ya maneno hayo, na muhuri wa ofisi: uso ule wa nyuma, peke yake, unatabasamu.

Mama akainama asome, kamera ikamwangalia, ikafikiri.

*Wewe hutambuliki. Tafadhali mpishe Mwalimu.*

"Mpishe nani?" mama aliuliza.

Godoro likabonyea upande wa ukutani, ambako hapakuwa na mtu, taratibu, kama kwa mtu aliyetoka mbali sana na hatimaye amepewa mahali pa kulala.