Nilikimbilia Hospitali ya Watoto, Mwanangu Akaondoka Akiniita

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Ni fundi cherehani hapa mjini Migori, nashona sare za shule. Nilikuwa na mume, na nilikuwa na mtoto mmoja. Leo ninawaandikia nikiwa sina hata mmoja wao...

Binti yangu Achieng' alizaliwa na selimundu. Kwa msioujua ugonjwa huu, acheni niwaeleze. Chembe za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo. Za mgonjwa hupinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa, naye akaumwa kana kwamba mifupa inavunjwa. Mtoto wa namna hii anywe maji mengi, asipigwe na baridi, na akishikwa na homa apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo. Mimi na mume wangu Odhiambo tuliyajua haya yote. Hatukuwa wazazi wazembe!

Basi niliposikia kwamba watu wa kanisa letu wameunda kamati ya mbio za marathoni, ili kuchangia hospitali ya watoto iliyokusudiwa kujengwa Homa Bay, nilijiandikisha mara moja. Mwenyekiti alikuwa Rose, rafiki yangu tangu usichana. Ndiye aliyempakata Achieng' hata kabla ya mama mkwe wangu. Ningemshuku kwa lipi?

Rose alibandika picha yangu na Achieng' kwenye mabango. Wageni wakubwa waliahidi kuchangia siku ile mama wa mtoto mgonjwa atakapomaliza mbio. Mimi, ambaye sikuwahi kukimbia ila kufukuza kuku! Nilifanya mazoezi kila alfajiri, na Achieng' alikuwa akikaa mlangoni, amejifunga leso, akinicheka: "Mama, unakimbia kama bata!"

Mbio zilipangwa Jumapili, kwa sababu kwa wengi wetu Jumamosi ni Sabato. Jua lilipotua siku ya Sabato nilisafiri hadi Kendu Bay, tulikotakiwa kuanzia mbio za kwenda Homa Bay. Nilimwacha Achieng' mzima, amekula ugali na omena, anaimba.

Simu yangu nilimkabidhi Rose, ambaye angetufuata kwa bodaboda akibeba maji. Nilimwambia Odhiambo, ukinihitaji piga tu, Rose yuko karibu nami.

Jua lilikuwa kali. Vijana wa bodaboda walinitania njiani: "Mathe, panda hapa nyuma! Sisi hatutasema!" Nilicheka. Nilicheka, wasomaji wenzangu! Na wakati huo simu yangu ilikuwa inaita...

Haya yanayofuata niliyajua baadaye. Asubuhi ile Achieng' aliamka na homa na maumivu ya kifua. Odhiambo alimkimbiza hospitalini. Madaktari walijitahidi, lakini pumzi ilikuwa inakatika. Akapiga simu. Rose akapokea.

"Shemeji, mpe simu mama Achieng'. Mtoto amezidiwa, anamwita."

Tulikuwa tumevuka nusu ya njia. Gari lingenifikisha Migori mwanangu akiwa bado anaongea! Rose alinitazama nikikimbia mbele yake, akawafikiria wageni walioketi kwenye mahema Homa Bay... kisha akamjibu mume wangu: "Nimemwambia, shemeji. Amesema wacha amalize kwanza."

Semeni ninyi. Mtu hutoa wapi maneno kama hayo?

Kisha pikipiki yake ikanifikia, akanimwagia maji kichwani. "Kaza, nyar Migori! Binti wa Migori hachoki!"

Nilimuuliza kama nyumbani wamepiga.

"Wamekusalimia," akasema.

Nikamaliza. Niliinua mikono, nikacheka meno yote nje, wakanipiga picha. Rose akaisambaza papo hapo kwenye magrupu ya WhatsApp. Picha hiyo iliingia kwenye simu ya Odhiambo akiwa amesimama kando ya kitanda, na Achieng' ameshafunikwa shuka!

Nilipofika hospitalini, muuguzi aliniambia kwamba mtoto aliuliza mara nyingi, "Mama amefika wapi?" Na baba yake akawa anamjibu, "Amekaribia." Alikuwa anamdanganya ili asilie. Alichojua yeye ni kwamba nimekataa kuja.

Kwenye mazishi, wifi yangu alisema kwa sauti, "Mwanariadha amefika." Hakuna aliyenipa kiti. Nilimweleza Odhiambo kila kitu, nikaapa, nikalia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Rose ni mtu wa Mungu. Adanganye kwa nini?" Hakunipiga, hakunitukana. Alihamisha tu nguo zake.

Rose alikuja mara moja kibandani ninaposhonea. Alipiga magoti, akalia. Alisema alidhani mtoto angepona kama siku zote, na kwamba nikiacha mbio watoto wengi watakosa hospitali. Nilimwambia, basi nenda ukamwambie Odhiambo hivyo hivyo.

"Dada, watu watasema nini juu ya hospitali?" akaniuliza. Akainuka, akapangusa magoti, akaenda zake.

Kuta za hospitali zimepanda. Watu huniambia nijivunie. Nijivunie nini? Mama akinijia na msichana wa kimo cha Achieng' nimpime sare, namwelekeza kwa fundi jirani... siwezi.

Ndugu zangu, ukiacha mgonjwa nyumbani, simu yako ikae nawe, hata kama unaenda kufanya jambo jema kupita yote. Na wewe utakayepokea habari ya mwenzako, nakusihi! Huku kwetu tumezoea kuficha habari mbaya. Tunasema wacha ale kwanza, wacha afike kwanza, wacha amalize kwanza. Tunaiita huruma. Lakini moyo wa mama si wako kuupima, na saa zilizombakia mtoto si zako kuzigawa.

Mwambie. Kama ataanguka barabarani, mwache aanguke akijua. Kisha mwinue, umtafutie gari.