Breki ya Chuma cha Kitanda

Ndugu zangu, nataka kuwasimulia habari za nyumba mnayoijua, ile ya mlango wa bluu inayotazamana na kiwanda cha mikate. Wengine mtajiona humu. Msinune, hata mimi nimo.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa na utaratibu wake. Mume, ambaye ni msambaza mikate, alirudi kwenye saa mbili baada ya kumaliza maduka yote, kabeba mkate mmoja uliopondeka ambao hakuna duka lililoukubali. Mke, fundi wa kuchomelea vyuma, alizima mashine, akainua kinyago chake cha kioo cheusi, wakanywa chai na mkate ule kwenye benchi la karakana mbele ya nyumba. Yeye tulimwita Mama Cheche kwa sababu ya kazi yake. Mumewe tulimwita Mwendapole.

Jina hilo lilitokana na mguu. Miaka minane kabla ya haya ninayosimulia alianguka kutoka kwenye lori la kiwanda akishusha makreti, na kifundo cha mguu wa kulia kikaunga vibaya. Hakikunjiki. Mguu huo ndio unaokanyaga breki ya nyuma ya pikipiki, na bila pikipiki mikate haifiki madukani. Mama Cheche hakulia wala hakulalamika. Alitafuta pikipiki ndogo isiyo na klachi ya mkono, na pale upande wa kushoto wa usukani palipokuwa patupu akafunga breki ya nyuma aliyoitengeneza mwenyewe. Chuma chake alikikata kwenye kitanda chao cha zamani, kile walichoanzia maisha.

"Sasa tutalala wapi?" mumewe aliuliza.

"Tutalala chini. Lakini kazini utafika."

Breki ile ilikamata barabara, kwenye vumbi na kwenye tope. Ila ilikuwa nene na nyeusi, na rangi ya kitanda bado inaonekana. Basi sisi wenye midomo tukapata pa kuanzia. "Mwendapole, umekuja na kitanda, mto umeuacha wapi?" Alicheka pamoja nasi. Hatukuona kwamba kicheko kiliishia kwenye meno. Akawa anaizungushia kitambaa kila alipokaribia sokoni, eti kwa ajili ya vumbi.

Kila mwaka mvua zikiisha kuna mashindano ya pikipiki katika msitu wa misonobari nyuma ya kiwanda cha mbao. Ni mizunguko mitatu kati ya miti, juu ya mizizi na vijito. Mwaka ule Mwendapole alijiandikisha. Alitaka kitu kimoja tu: apite mbele ya watu angalau siku moja bila kuchekwa. Mama Cheche alifurahi kama aliyejiandikisha yeye. Wiki nzima alikaza waya wa breki, akabadilisha mnyororo, akapima upepo wa tairi. Yeye mwenyewe alipewa bendera kwenye daraja la magogo, chini ya mteremko mkali, kwa kuwa vyuma vya ukingo wake alivichomelea yeye.

"Nitakuona mara tatu," alimwambia. "Nikikuona mara mbili tu, nakuja kukutafuta na nyundo."

Laiti mambo yangebaki hapo. Asubuhi ya mashindano kinyozi wetu alifika na pikipiki mpya, nyekundu, ndefu, ya msituni hasa. Alikuwa kainunua kwa mbwembwe, na sasa kaona matope na moyo umemruka.

"Chukua hii," alimwambia Mwendapole. "Ukishinda nayo, picha yako naibandika pale kwenye kioo changu. Umewahi kuendesha yenye klachi ya mkono?"

"Niliendesha wewe ukiwa bado unanyolewa na mama yako."

Hakusema uongo, lakini ilikuwa kabla ya kuumia. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka minane, na kwa miaka hiyo yote mkono wake wa kushoto ulijifunza kazi moja tu, kusimamisha. Breki ya nyuma ya pikipiki ile nyekundu ilikuwa mguuni, kwenye mguu usiokunjika. Alijiambia atatumia ile ya mbele. Alizunguka nayo dakika tano kati ya magari yaliyoegeshwa, basi. Pikipiki ya nyumbani akaisukuma nyuma ya rundo la mbao na kuifunika turubai.

Mzunguko wa kwanza alikwenda kwa gia ndogo na tahadhari. Alipofika darajani alikuwa ameshusha kioo cha kofia, lakini mke ni mke. Mama Cheche aliutambua mguu ule ulionyooka kama mpini wa jembe. Badala ya kupunga bendera ili apite, aliishusha kumsimamisha.

"Mkono wa kushoto, baba! Hiyo ni klachi!"

Mngurumo ulimeza maneno. Mwendapole aliiona bendera iliyoshuka, na aibu ikamchoma, aibu ya kweli sasa. Angesimama pale pale hadithi ingeishia hapa. Aliongeza mafuta.

Na niseme ukweli, mzunguko wa pili alikuwa mtamu kumtazama. Aliwapita wawili penye kijito, akampita mwingine kwenye mizizi, na watu waliokuwa juu ya magogo wakapiga makofi. Kwa dakika kumi hakuwa Mwendapole. Akafika juu ya mteremko akiwa gia ya tatu, na njia ilikuwa imeshasuguliwa na magurudumu mpaka inateleza.

Chini, darajani, mshindani mmoja alikuwa amekwama. Mama Cheche alikuwa ameweka bendera chini, akimsaidia kuvuta.

Mwendapole alibana mkono wa kushoto, kama alivyofanya kwenye kila duka na kwa kila kuku aliyekatiza njia. Lakini hapo palikuwa na klachi, si breki; injini ikaliachia gurudumu. Kadiri alivyobana ndivyo pikipiki ilivyozidi kukimbia, na kadiri ilivyokimbia ndivyo alivyozidi kubana. Mguu wa kulia ulitafuta pedali ukaikosa. Mwisho akaikamata breki ya mbele kwa nguvu zote, gurudumu likateleza, naye akatupwa kwenye majani. Pikipiki haikusubiri mtu. Iliendelea peke yake, imelala ubavu, moja kwa moja darajani.

Mama Cheche alimsukuma yule mshindani pembeni. Mkono wake wa kulia ndio uliochelewa. Ulibanwa kati ya pikipiki nyekundu na chuma alichokichomelea mwenyewe.

Mumewe alifika kwa magoti. Alimkuta amekaa, ameushika mkono, uso umejaa jasho.

"Umeumia?" mke ndiye aliyeuliza.

Mwendapole alinyoosha mikono kuugusa ule mkono.

"Nimekuuliza, umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi nenda kalete pikipiki yetu. Hii ya kinyozi siipandi."

Gari haliingii kule. Alimtoa msituni kwa ile pikipiki ndogo, kreti la mikate limeondolewa, mke nyuma kamkumbatia kwa mkono mzima. Kila penye mteremko alibana chuma cha kitanda, nacho kikakamata. Alilia ndani ya kofia njia nzima. Hakuna aliyemwona, ila aliyekuwa nyuma alihisi mgongo ukitikisika, akamkaza zaidi.

Mfupa uliunga, lakini kiganja hakigeuki tena kama zamani. Miezi miwili karakana ilikaa kimya, na chai ikanyweka bila harufu ya chuma. Siku moja Mwendapole alimwambia mkewe, "Nilikionea aibu kitu ulichonitengenezea kwa mapenzi."

"Najua. Kile kitambaa ulichokuwa unaifunikia breki, nani alikuwa anakifua?"

Kesho yake Mwendapole alichukua kipande cha kitanda kilichobaki. Kwa siku kumi na moja alikata, akapinda, akasugua. Akatengeneza kishikizo cha kufunga kwenye mkono na kushika koleo la kuchomelea, akakitandika mpira wa tairi ndani kisimchubue. Yeye ni mtu wa mikate, jamani. Kilikuwa kibaya kuliko ile breki mara mbili.

Mama Cheche alikivaa siku hiyo hiyo. Mteja wa kwanza alikodoa macho. "Fundi, hiki nini tena?"

Aliuinua mkono juu mpaka walio ng'ambo ya barabara wakauona. "Mume wangu kanitengenezea. Cha kitanda chetu hiki. Wewe wako amewahi kukutengenezea nini?"

Mwendapole alikuwa mlangoni na mkate uliopondeka. Aliuweka chini, akaiendea pikipiki, akafungua kitambaa kwenye breki, akajifutia uso. Kitambaa chenyewe sasa ni cha kufutia benchi.

MAFUNZO

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwendapole aliuacha, na aliyelipa ni aliyemshonea. Chombo usichokizoea usikipeleke mbio, hata kama zamani ulikijua, kwa maana mkono hufuata mazoea, haufuati majivuno. Na wewe unayeazimisha, usiridhike na jibu la mzaha, uliza tena.

Lakini somo kubwa ni letu tuliokaa pembeni. Hakuna aliyemsukuma Mwendapole mteremkoni, ila sisi tulimfikisha juu yake, kicheko kimoja kimoja, miaka minane. Ukimwona mtu anatumia kitu alichotengenezewa na mpenzi wake ili aweze kutembea, kula au kufanya kazi, funga mdomo, au kisifu.

Jina la Mwendapole tulitaka kuliacha kwa aibu. Mwenyewe akakataa, kalizoea. Kila asubuhi husimama mbele ya duka langu na kunipungia mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto una kazi yake.